KARTE MEMWARI IKIHARIBIKA, USIFINYE UPESI



Karibu kila mtu hapa Iga Barrière iko na telefone ao radio ndogo yenye tundu la karte memwari. Ndani ya karte hiyo tunaweka nyimbo za kwaya, mahubiri, foto za jamaa, na foto za kurasa za daftari kwa kujitayarisha kwa Examen d'Etat. Tena, tangu vita vilipoanza upya katika Djugu mwezi wa Desemba 2017, watu wengi wamekimbia mara nyingi. Wengine waliacha nyumba na mbuzi na karatasi zote, wakabeba telefone tu mfukoni. Kwa watu wa namna hiyo, karte ile njo sanduku la jamaa. Basi siku inapoharibika, si mchezo.

Sikilizeni jambo lililompata mwenzetu mmoja. Alikuwa na karte ya giga 8. Ndani yake alinasa sauti ya nyanya yake, akitaja majina ya wazee wa jamaa moja kwa moja, na kueleza shamba lao linaanza kwenye mti gani na kuishia kwenye kijito gani. Kisha nyanya akafariki. Siku moja telefone ikaandika kwamba karte imeharibika, na chini yake neno FORMATER. Mwenzetu akafinya. Karte ikafunguka, lakini tupu. Akalia. Halafu, kwa kujifariji, akaipeleka kwa kijana mwenye kujaza watu nyimbo, akaijaza mpaka mwisho. Nyuma ya juma moja ndipo alipouliza mtu anayejua kazi hii. Yule mtu akatikisa kichwa, akasema: "Ndugu yangu, kosa la kwanza pengine lingeweza kutengenezwa. La pili ndilo lililomaliza sauti ya nyanya."

Sababu gani alisema hivyo? Tuone.

KARTE INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Memwari ya namna hii ilivumbuliwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi kwa Toshiba. Aliionyesha kwa wenzake wa elimu mwaka 1984. Karte ndogo tunayotumia kwa telefone ilitoka mwaka 2004, na mwaka 2005 ikapewa jina la microSD. Urefu wake ni milimetri 15, upana 11, unene 1. Ni kama ukucha wa dole gumba. Ndani hamna kitu kinachozunguka kama kaseti. Kuna vyumba vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, na kila chumba kinafunga moto kidogo wa umeme hata wakati telefone imezimwa.

Sasa fikirini masomo yetu. Wanafunzi wako katika vyumba, na Prefe iko na daftari linaloonyesha nani anakaa chumba gani. Karte nayo iko hivyo hivyo. Mwanzoni mwake kuna daftari linalosema: wimbo huu uko chumba hiki, foto ile iko chumba kile. Mara nyingi, karte "ikiharibika", ni daftari tu limepasuka. Wanafunzi wangali wamekaa darasani!

Kuformata upesi maana yake ni kutupa daftari la zamani na kufungua lingine jeupe. Wale wa zamani bado wako vyumbani, lakini hakuna anayewajua. Na ukileta nyimbo mpya, zinaingia katika vyumba vile na kuwafukuza wa zamani. Hapo hakuna fundi wa Bunia wala wa Ulaya atakayewarudisha. Tena vyombo vingine, wakati wa kuformata, vinaamuru karte ifagie vyumba vyote mara moja. Kwa hiyo mtu asiseme: "Nitaformata kwanza, nitatafuta kisha."

UGONJWA UNATOKA WAPI?

1. Kuchomoa karte wakati telefone inaandika, ao moto wa batri kuisha katikati ya kunasa sauti. Daftari linabaki nusu.
2. Vumbi, jasho na unyevu kwenye meno ya karte.
3. Virusi vya ordinateri za watu wengi.
4. Karte ya uongo. Juu wameandika giga 64, kumbe ndani ni 8. Inafanya kazi vizuri mpaka giga 8 zinajaa; kupita hapo kila unachoweka kinapotea ao kinaharibu kingine.
5. Uzee. Kila chumba kinavumilia kuandikwa na kufutwa kwa hesabu fulani tu. Karte zingine zikizeeka zinakubali kusomwa lakini zinakataa kuandikwa.

DAWA, HATUA KWA HATUA

Fuateni mstari. Mtu akiruka hatua anaweza kupoteza yote.

Hatua ya 1: Acha kila kitu. Telefone ikiuliza kuformata, kataa. Usipige foto, usinase wimbo, usipokee kitu. Zima telefone, ndipo uchomoe karte.

Hatua ya 2: Safisha. Nyuma ya karte kuna meno 8 ya rangi ya zahabu. Ndiyo, ni zahabu kweli, lakini nyembamba sana, wachimbaji wetu wasiikwaruze! Pangusa kwa kitambaa kikavu na laini. Uchafu ukikataa, tumia gome laini la kufutia kalamu, polepole. Usitumie mate, kisu wala sabuni. Rudisha karte, washa, tazama.

Hatua ya 3: Jaribu kwa chombo kingine. Ikisomeka kwa telefone ya rafiki, karte ni nzima, tundu la telefone yako ndilo lenye ugonjwa. Lakini angalia mambo matatu:

- Telefone na radio za zamani zingine hazijui karte kubwa. Karte za kupita giga 32 zinatumia kwa kawaida daftari la namna nyingine. Chombo cha zamani kinaona kama imeharibika, kumbe ni yeye hajui kusoma. Usimkubalie aiformate.
- Ukiingiza karte kwa ordinateri kwa njia ya adaptateri, tazama kando yake kuna kifunguo kidogo. Kikishuka upande wa LOCK, karte haiwezi kuandikwa.
- Tangu Android 6 ya mwaka 2015, telefone zingine zinaweza kufanya karte kuwa sehemu ya tumbo lao. Hapo maandishi yanafungwa kwa siri, na karte haisomeki kwa chombo kingine hata kidogo. Irudishe kwa telefone yake mwenyewe. Na usirudishe telefone hiyo kama ilivyotoka dukani, maana ufunguo wa siri utapotea pamoja.

Hatua ya 4: Kama ordinateri inaifungua, kopia kwanza. Usianze kutengeneza. Weka vyote kwa disiki ya ordinateri. Nyuma ya hapo unaweza kupumua.

Ukikuta fishie zote zimegeuka vijishale vya raccourci, usilie. Mara nyingi ni virusi vimezificha tu. Usifinye vile vijishale. Kwa ordinateri yenye Windows, fungua dirisha jeusi la amri, na kama karte inaitwa E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Dosie zitaonekana tena. Kopia zako tu, acha zile usizozijua, na ordinateri ipewe dawa ya virusi.

Hatua ya 5: Kama ordinateri inaona karte lakini inaomba kuformata, kataa tena. Tafuta programu inayoitwa PhotoRec. Ni ya bure, na ukiisha kuipata kwa flash haiombi intaneti. Yenyewe haiangalii daftari. Inapita chumba kwa chumba, ikiuliza: "Wewe ni foto? Wewe ni wimbo?" Vile inavyookota, viweke kwa disiki ya ordinateri. Usiviweke hata siku moja juu ya karte ileile, maana utakuwa unafukuza wanafunzi wakati unawatafuta. Fishie zitarudi bila majina yake, kwa hiyo itabidi kusikiliza moja moja. Ni kazi ya uvumilivu.

Hatua ya 6: Sasa ndipo utengeneze daftari. Katika dirisha lile la amri andika chkdsk E: /f. Amri hii inashona daftari, lakini inabadilisha mambo ndani ya karte. Ndiyo sababu tumeiweka nyuma ya kukopia, si mbele.

Hatua ya 7: Mwisho, formata, ukitumia chombo kile kitakachokaa na karte. Ikiwa tupu, ipime kwa programu ya H2testw, nayo ni ya bure. Inajaza karte yote, kisha inasoma kama kila kitu kiko. Karte ya uongo itajulikana hapo. Ukiijua, itupe, usimuuzie mwenzako.

Kama karte haionekani kabisa kwa vyombo viwili ao vitatu, basi mwili wenyewe umekufa ao umepasuka. Usiiweke juani, usiipashe moto, usiipige. Kwa ugonjwa huo hakuna dawa ya nyumbani.

KUJIKINGA

Kuomba ndugu mwenye ordinateri akusaidie si haya. Lakini mwambie wazi mbele ya kumpa: "Tafazali, kopia kwanza, usiformate." Maneno hayo tu yangaliweza kuokoa sauti ya nyanya.

Zima telefone mbele ya kutoa karte. Usianze kunasa kwaya ibada nzima kama batri iko karibu kuisha moto. Usijaze karte mpaka mwisho.

Na lililo kubwa kupita yote: kitu cha lazima kisikae pahali pamoja tu. Foto ya diploma, sauti ya mzee, karatasi ya shamba, viwe na kopi mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Ukiweka zote mbili katika mfuko mmoja, siku ya kukimbia ao siku ya mwizi zitakwenda pamoja. Peana moja kwa dada yako aliye Bunia ao kwa shangazi aliye Mahagi. Majina ya wazee na mipaka ya shamba, yaandike vilevile kwa kalamu katika daftari. Karatasi haiulizi kuformata.

Tunakumbuka wale wasichana kumi wa mfano wa Bwana wetu. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti ilikuwa moja tu: watano walibeba mafuta mengine pembeni. Mwenzetu tuliyemtaja anasema kwamba wazee wawili wa jamaa yake wangali hai. Likizo hii atakwenda kuketi nao, atanasa sauti zao, na safari hii atafanya kopi mbili. Na wewe, sauti ya nani iko katika karte yako tu?