Presha Ambayo Kompyuta Haiioni

Anayepanda mlima Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa huujua udhaifu wa chombo chake mapema. Changu kilikuwa pikipiki ya silinda moja, cc 250, inayotumia injekta badala ya kabureta. Kutoka Mikumi ilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza ikakohoa. Nikizungusha eksileta inalegea. Nikirudisha hadi nusu inapata pumzi na kusogea. Nilifika juu kwa gia ya pili, huku malori yenye mizigo yakininyemelea mgongoni. Muda wote huo taa ya hitilafu kwenye dashibodi haikuwaka hata mara moja.

Kimya cha taa hiyo ndicho kilichonifanya nianze kujifunza. Pikipiki nyingi za injekta hazina sensa ya presha ya mafuta. Kompyuta ya injini inajua kasi ya mzunguko, joto, hewa inayoingia na kiasi ambacho eksileta imefunguliwa. Kutokana na hayo inakokotoa injekta ikae wazi milisekunde ngapi. Hesabu yote inasimama juu ya imani moja, kwamba nyuma ya injekta kuna presha ileile aliyoipanga mtengenezaji. Kwa pikipiki nyingi ni kama psi 43, karibu kilopascal 300. Aliyezoea kujaza upepo wa psi 30 kwenye tairi la nyuma anaweza kukisia nguvu ya msukumo huo. Presha ikishuka, kompyuta haina njia ya kujua. Inafungua injekta kwa muda uleule, na mafuta yanayotoka ni pungufu.

Ni pungufu kiasi gani? Mafuta yanayopita kwenye injekta hufuata kipeuo cha pili cha presha. Presha ikishuka kutoka kilopascal 300 hadi 200, mafuta yanapungua kwa takriban asilimia 18. Injini iliyobebeshwa mzigo mlimani haivumilii upungufu huo. Inakosa nguvu, inamisi, na ikilazimishwa kwa muda mrefu inaunguza vyuma vyake kwa joto. Pikipiki zenye sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hujifidia kidogo, lakini zaidi ni katika mwendo wa taratibu. Ndiyo maana chombo kinaweza kuzunguka mjini wiki nzima bila dalili, kisha kikamwangusha mwenyewe siku ya safari.

Iringa fundi alibadilisha plagi, akasafisha injekta, akafungua swichi tusikilize pampu. Ilivuma sekunde mbili, ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Tulipojaribu tena barabarani ikakohoa vilevile. “Pampu imechoka, kaka,” akaniambia. Nikanunua pampu mpya na chujio jipya. Safari iliyofuata, mlimani, ugonjwa ulikuwa palepale.

Simlaumu. Mafundi wetu wengi wamelelewa na kabureta, ambako mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe. Unachomoa mpira, unaona yanatiririka, kazi imekwisha. Kwenye injekta jicho na sikio havitoshi. Mvumo wa pampu unathibitisha kwamba mota inazunguka, basi. Hausemi inasukuma kwa psi 43 au 25. Geji ya presha ya mafuta na kiungio chake cha njia tatu ni rahisi kuliko pampu moja ya pikipiki, na ninaamini kwa dhati kwamba fundi anayepokea pikipiki ya injekta bila geji anamtoza mteja gharama ya kukisia.

Kupima kwenyewe kunataka utulivu. Kwanza presha iliyomo iondolewe: chomoa soketi ya umeme ya pampu, washa injini, iache iungurume mpaka ijizimie. Asiyefanya hivyo atarushiwa petroli usoni, au juu ya ekzosi ya moto, jambo baya zaidi. Kisha geji inafungwa kati ya tangi na injekta, na inasomwa zaidi ya mara moja: swichi inapofunguliwa, injini inapounguruma yenyewe, inapopigwa resi, na baada ya kuzimwa. Injini ikizimwa na mshale ukaanguka papo hapo, kuna mahali panapovujisha, iwe valvu ya pampu, regyuleta au injekta yenyewe. Presha ikiwa chini tangu mwanzo, mtu atazame regyuleta, au mpira uliopasuka ndani ya tangi, ambao humwaga mafuta humohumo huku pampu ikivuma vizuri kabisa.

Tulipofunga geji kwenye pikipiki yangu, ilisoma psi 42 injini ilipounguruma yenyewe. Nilipopiga resi na kushikilia, mshale ukashuka hadi 31.

Usomaji wa namna hiyo una maana yake. Injini inayounguruma yenyewe inakunywa kidogo, na hata njia iliyobanwa inaweza kuitosheleza. Upungufu hujitokeza inapodai zaidi. Washukiwa wanabaki wachache: chujio lililojaa uchafu, hasa kwa sisi tunaonunua petroli ya chupa barabarani, tundu la hewa la mfuniko wa tangi lililoziba, pampu iliyochoka, au umeme usioifikia pampu kikamilifu. Mfuniko nilikuwa nimeshaufungua bila kusikia hewa ikivutwa. Chujio na pampu vilikuwa vipya. Ukabaki umeme.

Injini ikiwa inaunguruma, mita ilisoma volti 14.1 kwenye betri. Kwenye nyaya za pampu ilisoma 11.2. Karibu volti tatu zilipotea njiani, na njia yenyewe haifiki mita moja. Tulifuata waya hadi chini ya kiti. Soketi moja ilikuwa imeota kutu ya kijani, na plastiki yake ilikuwa na rangi ya kahawia kwa kuungua. Pini iliyoshika vibaya ni upinzani, na upinzani unakula volti kadiri mota inavyovuta umeme mwingi. Mota iliyonyimwa volti inazunguka polepole, na presha inashuka pale injini inapoihitaji zaidi. Pampu mpya ilikuwa inanyimwa chakula kilekile alichonyimwa mwenzake.

Tulikata soketi ile na kufunga nyingine. Nikamwomba fundi airudishe pampu ya zamani tangini, nijue ukweli. Alisita, maana ilimaanisha kushusha tangi kwa mara ya tatu, lakini alifanya. Geji ilisoma 43. Akapiga resi, akashikilia, tukautazama mshale pamoja. Ulitikisika kidogo, ukarudi 43 na kubaki hapo.

Pampu ya zamani ndiyo inayonipandisha Kitonga hadi leo. Mpya iko kabatini, ndani ya boksi lake.