Kibao cha Kukatia na Matunzo Yake

Neno kibao lina maana nyingi. Asili yake ni ubao, ambao wingi wake ni mbao. Kwa kiambishi ki- twapata kipande kidogo cha mti kilicholainishwa. Kiko kibao cha njiani kionyeshacho mji, na hata kofi la shavuni huitwa kibao. Hapa twasema juu ya kibao cha kukatia.

Akina mama wengi wa Mbeya na Iringa hukata mboga ya majani kiganjani, wakilibana fungu na kupitisha kisu. Kibao huwekewa zaidi nyama na vitunguu. Kwa hiyo kisipotunzwa chaweza kuwaletea maradhi walao nyumbani na shuleni.

Mafundi hupendelea mninga, ambao wataalamu wa mimea huuita Pterocarpus angolensis, mti wa miombo, kama ile ya upande wa Chunya. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikauka husinyaa kidogo tu. Msindano wa Sao Hill, huko Mufindi, wapatikana kwa wingi, lakini ni laini; kisu huuchimba upesi.

Mti uliopasuliwa mbao haukomi kunywa unyevu na kuutoa. Katika nyanda hizi mvua huanza karibu na Novemba hata Aprili au Mei, kisha hufuata miezi mirefu mikavu. Basi kibao huvimba na kusinyaa, wala si sawasawa: urefu haubadiliki sana, bali upana hubadilika. Uso mmoja ukilowa na wa pili ukiwa mkavu, kibao hupindika au hupasuka. Matunzo yote yafuatayo yatokana na jambo hilo.

Kwanza, kioshwe mara baada ya kazi, nyuso zote mbili, kwa maji ya moto na sabuni. Kisilazwe ndani ya beseni la maji.

Pili, kifutwe, kisha kisimamishwe kwa ukingo wake kivulini, hewa ipite pande zote. Jua kali na moto wa mekoni hukipasua.

Tatu, kikianza kupauka, kipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya alizeti. Chombo cha nta kiwekwe ndani ya maji ya moto, kisiwekwe juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka. Mafuta yanayozidi yafutwe, yasije yakachacha.

Nne, nyama mbichi iwe na kibao chake. Kikiwapo kimoja tu, vikatwe kwanza vile viliwavyo bila kupikwa, nyama iwe ya mwisho.

Tano, alama za kisu zikizidi, nyuso zote mbili zipigwe randa au msasa.

Wahenga walisema, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Lakini ufa wa kibao haufai kuzibwa, kwa kuwa uchafu hujificha ndani yake, yafaa kuuzuia mapema. Tena mninga hukua polepole, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuisimamia biashara ya mininga ya Afrika kati ya nchi na nchi. Twawasihi walimu wawafundishe watoto haya kwa vitendo jikoni mwa shule, maana kibao kilichotupwa kwa uvivu chamgharimu fundi kazi yake, na msitu mti wake.