Chuma cha usiku, ushuru wa mchana

Mwenye tanuru la chuma hupanga zamu zake kwa kutazama saa ya stima. Kuyeyusha tani moja ya skrepu hula takriban yuniti 600, na tangu Desemba 2017 wenye viwanda wa Kenya wamekuwa wakiuziwa stima ya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri kwa nusu bei, mradi wapite kiwango chao cha kawaida cha matumizi. Kwa hiyo nondo nyingi zinazopanda ghorofa za Ruiru ni chuma kilichoiva watu wakiwa wamelala.

Huo ni msaada unaoeleweka hata na mama mboga. Mzito zaidi umejificha kwenye vitabu vya forodha. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa zinazotengenezwa humu, zikiwemo kadhaa za chuma. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya Kenya ikaongeza tozo ya asilimia 17.5 kwa magogo ya chuma ghafi yatokayo nje, na kwa ule waya mnene wa mizingo unaozaa misumari na seng'enge.

Ukuta huo hauwakingi wote. Mwenye tanuru anashukuru: Devki ya Narendra Raval, mtu aliyeanza na duka la hadiwea Gikomba, ina kinu Ruiru na imewekeza sana katika kuyeyusha. Lakini mwenye rola peke yake, anayenunua magogo na kuyabana yawe nondo, au mvuta waya, huona malighafi yake ikipanda bei. Akitaka kuepuka tozo, inambidi anunue kwa mwenye tanuru, ambaye kwenye nondo ni mshindani wake. Thika iliyozoea kuitwa Birmingham ya Kenya ina viwanda vya waya na misumari, Blue Nile ikiwa miongoni mwao, na hesabu ya mvuta waya si hesabu ya myeyushaji. Nairobi huwaita wote "sekta ya chuma" kana kwamba wanakula sahani moja.

Chini kabisa yupo kijana wa mkokoteni. Kwenye yadi ya skrepu mnunuzi hupitisha sumaku kwanza: sufuria haishiki, inaenda rundo la bei kubwa, fremu ya baiskeli inashika, inatupwa kwenye mizani. Januari 2022, nguzo za umeme za laini ya Kiambere–Embakasi zilipoanguka na nchi ikaingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliwalaumu wezi wa vyuma, akapiga marufuku biashara yote ya skrepu. Yadi zikafungwa hadi Mei. Serikali iliyokuwa ikiyalea matanuru kwa stima nafuu iliyakatia chakula kwa tamko moja, ingawa Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ilikuwa tayari imeweka leseni na baraza la kuzisimamia.

Wazungu nao waliwahi kubeba viwanda vyao vya chuma mgongoni. Mwaka 1981 Jumuiya ya Ulaya iliweka sharti: hakuna ruzuku bila kupunguza uwezo wa uzalishaji, na msaada ukome mwisho wa 1985. Watu wengi walipoteza kazi, lakini kila kampuni ilijua inadaiwa nini na hadi lini. Kwetu sijamsikia waziri akitaja deni la aliyekingwa. Mimi ningeanza na kilo.

Nondo ya milimita 12, urefu wa mita 12, yapasa kuwa na kilo 10.6 hivi. Kwenye mjengo mmoja Ruiru, fundi alining'inizia moja iliyokunjwa katikati, kama zinavyokuja kwenye pikapu, kwenye mizani ya kupimia viazi. Mshale ulisimama kwenye tisa na nusu. Hadiwea, akaniambia, huziuza kwa kipande.