Vishikio vya Funguo na Daftari la Michoro: Tusiuzime Mkono wa Mtoto

Likizo ya shule inapofika, nyumba nyingi hugeuka karakana. Binti huomba sindano na shanga, mvulana hutafuta mkasi na malapa yaliyokatika, na baada ya siku mbili funguo za mlango zimeshafungwa samaki, mwezi au jina la mama. Pamoja na vishikio hivyo vya funguo huja daftari la michoro: mchezaji wa timu aipendayo kijana, au mhusika wa katuni za Kijapani aliyepakwa rangi kwa uangalifu mkubwa. Hapo ndipo wazazi hugawanyika. Mmoja husema ni upuzi unaokula wakati wa masomo. Mwingine huogopa dhambi ya kuchora sura. Wa tatu hunyamaza tu. Ndugu wasomaji, jambo hili lataka kuangaliwa kwa utulivu, kwani daftari likishachomwa moto mbele ya mtoto, si wepesi kuurudisha moyo wake.

Tuanzie bara, Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, katika eneo la Mwingi Kaskazini, upande wa Mto Tana. Ni nchi kavu ya mvua haba, nchi ya mbuzi, mtama, ndengu na mizinga ya nyuki. Mtu huenda akadhani kwamba mahali kama hapo sanaa ni anasa. Kumbe Wakamba ni katika mafundi wa mkono walio mashuhuri Afrika ya Mashariki. Wanawake wao husuka viondo kwa nyuzi za mkonge, na tangu zamani walizisokota pia kutoka katika gome la mbuyu. Shanga nazo zina historia inayotuhusu sisi wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremka hadi Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, nyaya za shaba na shanga. Kivoi, tajiri wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851, alikuwa mmoja wa vigogo wa biashara hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Tseikuru anayetunga shanga leo anafuata mkono wa mabibi zake, na shanga za mabibi hao zilipita kwetu.

Uchongaji wa vinyago nao una mafunzo. Inasimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos, alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akarudi kwao na ujuzi huo. Kutoka kwa mtu mmoja kazi ilienea vijijini, hata mwaka 1963 mafundi wa Kikamba wakaunda chama chao cha ushirika Changamwe, hapa Mombasa. Kazi iliyoanza kama ya kupitisha jioni ikasomesha watoto. Lakini kazi hiyo ilikula miti pia. Mpingo na muhugu zilipozidi kuadimika, mafundi walihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya shambani inayokua upesi. Hilo ni funzo la kwanza kwa mtoto: kitu kizuri kisitengenezwe kwa kuharibu.

Funzo jingine limetoka kaskazini mwa Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mtaalamu wa bahari aliyekuwa katika hifadhi ya Kiunga, aliwaona watoto wa Kiwayu wakichonga vitu vya kuchezea kutoka katika malapa yaliyotupwa ufuoni na mawimbi. Wazo la watoto hao likazaa kazi ya akina mama wa huko, na baadaye karakana ya Ocean Sole ya Nairobi, ambayo huuza vinyago na vishikio vya funguo vya malapa katika nchi nyingi. Mwanzo wake ulikuwa mchezo wa watoto.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Oshwa malapa kwa sabuni, yakaushwe, kisha kata vipande vya rangi mbalimbali na uviunge kwa gundi. Gundi ikikauka, chora umbo, likate, lisuguliwe kwa msasa, litobolewe kwa shazia na kutiwa pete ya chuma. Kifuu cha nazi nacho hufaa: kisuguliwe mpaka king'are, kitobolewe kwa keekee, kipakwe mafuta ya nazi kidogo. Wa shanga atumie uzi wa nailoni na afunge fundo mara mbili. Shanga ziwekwe mbali na watoto wachanga, kwani hupalia, na wembe ushikwe na mkubwa.

Sasa tuje kwenye sura. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili kwa urefu. Walio wengi wanakataza kuchonga na kuchora viumbe wenye roho. Wapo waliopunguza ukali kwa mchoro wa karatasi usio na kivuli. Imepokewa pia kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Na mtu mmoja ambaye riziki yake ilikuwa kuchora sura alipomwendea Ibn Abbas, hakumwacha bila njia: alimwelekeza achore miti na visivyo na roho. Tazama hekima hiyo. Alimwonya, kisha akamfungulia mlango mwingine. Nasi tufanye hivyo. Anayependa timu achore jezi, uwanja na rangi zake. Anayependa katuni achore upanga, merikebu na mji wake. Mapambo ya milango ya Lamu, pindo za kanga na ngalawa vitamtosha miaka mingi.

Tahadhari mbili zaidi. Watoto hupenda kuandika jina la Mwenyezi Mungu au aya kwenye kishikio. Nia ni njema, lakini funguo huangushwa chini na huingia nazo mtu msalani. Maandishi hayo yawekwe ukutani kwa heshima; kwenye funguo iandikwe jina la mtoto au neno zuri. Pili, nembo za timu na wahusika wa katuni zina wenyewe. Kuchora kwa kujifunza ni jambo moja, kuuza ni jingine. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008. Mtoto ajue mapema kwamba haki ya mtu ni amana, hata akiwa mtu huyo yuko mbali.

Akina mama, mkumbukeni Bibi Zaynab bint Jahsh. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakaipima mikono yao. Alikuwa Zaynab, aliyefanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka. Basi keti na mwanao saa moja baada ya Alasiri, mtunge pamoja. Akiuza kishikio chake cha kwanza, mfundishe kutenga kitu kidogo kwa ajili ya mhitaji. Hapo mkono wake utaanza kurefuka.

Wallahu aalam.