Kila Chombo na Mipaka ya Sauti Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya vyombo vya muziki, na hasa juu ya jambo moja: kila chombo kina mahali sauti yake inapoanzia chini, na mahali inapokoma juu. Tukilifahamu jambo hili tutajua kwa nini mara nyingine kanisa zima hunyamaza katikati ya wimbo, wakabaki wanakwaya peke yao.

Sauti ni mtetemo. Kitu kikitetema polepole hutoa sauti nzito. Kikitetema upesi hutoa sauti nyembamba. Mitetemo ikiongezwa mara mbili, tumetoka do na kufika do ya juu yake. Na upesi huo hutegemea umbo la chombo. Tazameni gitaa. Nyuzi zake 6 zina urefu mmoja, lakini ule mnene hutetema kama mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kama mara 330. Ukiubana uzi kwa kidole unaufupisha, na sauti hupanda. Ngoma nayo ni vivyo hivyo: ile kubwa huvuma chini, ile ndogo iliyokazwa hulia juu.

Kwa hiyo vyombo havilingani. Piano yenye vibonye 88 huanzia mitetemo 27 na nusu, ikapanda kupita 4,000. Fidla iliyokazwa kwa desturi haishuki chini ya 196, hata mpigaji awe fundi namna gani. Kinanda kikubwa cha mabomba, chenye bomba la futi 32, hushuka hadi kama 16. Sauti hiyo twaisikia zaidi kifuani kuliko masikioni.

Je, koo la mwanadamu? Kwaya hugawa kazi: soprano hupanda, besi hushuka, alto na tena wakajaza katikati. Lakini ushirika wote huimba sauti moja, wazee kwa watoto, wanaume wakiwa do moja chini ya wanawake. Watu wengi huimba kwa raha kutoka C ya katikati ya kinanda hadi D ya pili juu yake, yaani vibonye vyeupe 9 tu. Kinanda hakichoki kikipita hapo, koo huchoka.

Basi wimbo ukiwa do ni G, nao ukapanda hadi la, wengi watakomea njiani. Mzee aliyeupenda wimbo huo tangu ujana wake atafunga kitabu na kusikiliza wengine. Lakini mpigaji akiushusha, do iwe F, tuni haibadiliki hata kidogo, na yule mzee ataimba mpaka mwisho.

Ninyi mnaopiga vinanda, tunawasihi: kabla ya ibada itafuteni noti ya juu kabisa ya kila wimbo, na ya chini kabisa, mkazipime kwa koo za watu wenu. Zaburi ya 150 inataja baragumu, kinubi, zeze, filimbi na matoazi, vyombo visivyofanana sauti, kisha inawaita wote wenye pumzi. Asiachwe nje mtu kwa sababu ya kibonye kimoja.

Kwaherini, na Bwana awe nanyi.