Fahamu: Shule ipi ya msingi ni nzuri Toronto?

Mzazi aliyehamia Toronto kutoka Mombasa au Bukavu hawezi kulikwepa swali hili: mtoto asome wapi? Kwa shule za umma, jibu huanza na anwani, maana kila anwani imepangiwa shule yake. Ndiyo maana wapo wanaochagua shule kwanza, nyumba baadaye.

Wengi hukimbilia orodha ya taasisi ya utafiti ya Fraser, inayozipa shule alama hadi 10 kutokana na mitihani ya mkoa wa Ontario iitwayo EQAO: kusoma, kuandika na hisabati, darasa la 3 na la 6. Ni kipimo chembamba. Hakionyeshi jinsi mwalimu anavyompokea mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza, na kipato cha wazazi huvuta matokeo juu au chini. TDSB, bodi ya shule za umma za Toronto, yenyewe hulitambua hilo: ina fahirisi inayoangalia kipato na elimu ya wazazi, ili shule zenye mazingira magumu ziongezewe nguvu.

Na si lazima mtoto asome katika shule ya mtaa wake. Shule ya Africentric, inayofundisha kwa mtazamo wa Kiafrika na iliyofunguliwa Septemba 2009, hupokea watoto wa mitaa mbalimbali.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, hakiki mpaka wa shule; majirani wa barabara moja wanaweza kupangiwa shule tofauti.