Mwewe Hutua Akiukabili Upepo

Je, umepata kumtazama mwewe juu ya soko la Geita au la Shinyanga wakati wa kiangazi, upepo ukitimua vumbi? Mtazame anapotaka kutua juu ya paa. Hata akija kutoka upande mwingine, mwishoni hugeuka, akauelekeza mdomo kule upepo utokako, ndipo akakanyaga. Kwa nini?

Hesabu yake ni rahisi. Wako watu warukao kwa bawa la kitambaa lisilo na injini, wakining'inia chini yake. Tuseme bawa hilo lapita hewani kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na upepo ni kilomita 20. Likiukabili upepo, juu ya ardhi litakwenda kilomita 20 tu, na mtu atatua kwa hatua chache za mbio. Likisukumwa na upepo litakwenda kilomita 60. Miguu gani ya binadamu itaziweza mbio hizo?

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika kugeuka karibu na ardhi. Mrukaji akiupa upepo mgongo, huona miti na nyumba zikipita mbio, akadhani mwendo umezidi. Basi huupunguza. Kumbe bawa halijui habari za ardhi. Lajua hewa tu. Hewa ikipita polepole mno, huacha kulibeba, nalo huanguka. Tena upepo humsukuma mbali na pale alipokusudia; naye akikaza kona ili arudi upesi, bawa lataka mwendo zaidi, wala si pungufu.

Otto Lilienthal, Mjerumani hodari aliyekwisha kuruka mara nyingi sana, alianguka tarehe 9 Agosti 1896, bawa lake lilipopoteza mwendo hewani. Alikufa siku ya pili yake.

Rubani wa eropleni naye hufuata kanuni hiyo. Ukipita kwenye kiwanja cha ndege, kama kile cha Ibadakuli, Shinyanga, tafuta mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti. Huo humwonyesha upepo watoka wapi kabla hajashuka.

Nanyi akina mama mpepetao mtama mwaijua siri hii tangu zamani: kwanza jua upepo uliko, ndipo uinue ungo. Asiyefanya hivyo, makapi humrudia machoni. Mrukaji asiyefanya hivyo hulipa kwa mifupa yake.